Tremblay Ni Wengi, Lakini Si Wote Mashemeji

Toleo lililopita nilisema kwa kupitia tu kwamba hapa Chicoutimi, kwenye kaunta ya duka la dawa ninapofanya kazi, mteja akiwa Tremblay hataji jina kwanza, hutaja tarehe ya kuzaliwa. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizokuja karibu zote ni za Tremblay: walioolewa nao, wanaotaka kuoa kwao, wanaoishi jirani nao, na mmoja anayewapenda kwa ajili ya hoki. Basi safu ya mwezi huu ni yao.

Kwa wewe uliye Tanga au Kisumu ambaye jina hili hujawahi kulisikia: tamka Tramble. Ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote katika jimbo la Québec, ile Kanada inayosema Kifaransa. Orodha ya taasisi ya takwimu ya jimbo ya mwaka 2006 iliwaweka juu kwa zaidi kidogo ya mtu 1 katika kila 100, wakifuatiwa na akina Gagnon, Roy, Côté na Bouchard. Huko ni Québec nzima. Huku Saguenay, mkoa ilipo Chicoutimi yetu, wamejaa mara nyingi zaidi ya hapo. Pale kazini dawa zilizokwisha kufungashwa tunazipanga kwa herufi, na herufi T ina rafu mbili: moja ya Tremblay, nyingine ya akina T wengine wote waliobaki duniani.

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume, tuliyetoka naye Uvira akiwa mdogo, amepata mchumba huko Jonquière. Binti ana heshima, hana neno. Shida ni kwamba baba yake ni Tremblay, na mama yake naye ni Tremblay wa kuzaliwa, si kwa ndoa. Kwetu mtu haoi ukoo wake. Mume wangu amesema haendi kukaa kwenye nyumba ya ndugu waliooana. Nimwambie nini?* — Mama wa bwana harusi, Gatineau

Marahaba mama. Kwanza mshukuru Mungu kwamba vijana wametamka neno ndoa. Québec ni mahali ambapo watu huzaa watoto watatu, hununua nyumba na kuzeeka pamoja bila kuonana na padri wala karani, na hakuna jirani anayeuliza.

Sasa mume wako. Wasiwasi wake una msingi, ila ameshika kipimo kisicho cha huku. Kwenu jina la ukoo ni ua: ukiwa ndani, wote ni kaka na dada zako, hata kama hakuna anayeweza kuhesabu mlikutana kwa babu yupi. Kwa hawa, jina ni kamba tu inayopita kwa wanaume. Inatoka mbali mno.

Karibu Tremblay wote wa Amerika Kaskazini wanatokana na mume na mke mmoja. Mwanamume aliitwa Pierre Tremblay, mtu wa kijiji cha Randonnai, katika eneo la Perche, Ufaransa. Alivuka bahari mwaka 1647 akiwa mfanyakazi wa mkataba. Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Oktoba 1657, alimwoa mjini Québec msichana wa upande wa La Rochelle aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka melini, jina lake Ozanne Achon. Wakapata watoto kumi na wawili. Wavulana wanne, Pierre, Michel, Jacques na Louis, wakaoa na kuacha kizazi. Hao wanne ndio shina. Tremblay unayemwona leo akisukuma theluji mbele ya nyumba yake, ukimrudisha nyuma baba kwa baba, vizazi kumi na kadhaa, utamfikisha kwa mmoja wao.

Kwa hiyo ndiyo, baba na mama wa mkweo mtarajiwa ni ndugu. Ni ndugu kama wewe na mimi tungekuwa ndugu kupitia mtu aliyekufa kabla Waomani hawajamtoa Mreno Fort Jesus. Ukitaka kuwazuia watu wa aina hiyo wasioane, Saguenay ingebaki bila harusi.

Wao wenyewe walilijua jambo hili mapema kuliko tunavyodhani. Kanisa Katoliki lilikataza ndoa za ndugu hadi daraja la nne, yaani watu wanaokutana kwa babu wa babu, mpaka sheria za mwaka 1917 zilipolegeza hadi la tatu. Aliyetaka kuoa ndani ya mpaka huo aliomba kibali, na paroko alikiandika palepale kwenye daftari la ndoa: fulani na fulani, wameruhusiwa, daraja la tatu kwa la nne. Madaftari yaliandikwa nakala mbili, moja ikabaki parokiani, ya pili ikaenda mahakamani, ndiyo maana kanisa likiungua ukoo hauungui. Leo yale ya zamani yapo kwenye mtandao wa maktaba na hifadhi ya taifa ya Québec, BAnQ, na mtu husoma bure. Mwandiko wa mapadri wengine, lakini, ni adhabu.

Mwambie mume wako kwamba sheria ya Kanada yenyewe ni nyepesi kuliko ya Uvira. Inakataza mzazi na mwana, babu na mjukuu, kaka na dada. Binamu wa kwanza wanaruhusiwa, kama ilivyo kwa ndugu zetu wa pwani, ambako mtoto wa ami ndiye anayefikiriwa kwanza. Kwa hiyo asiulize kama majina yanafanana. Aulize hivi: bibi zake binti, mzaa baba na mzaa mama, ni akina nani, na walitoka kijiji gani? Watafurahi kuulizwa, utaona. Babu mmoja mteja wetu akianza kujibu swali hilo inabidi niite mwenzangu ashike kaunta.

Utasikia pia namna wanavyotenganishana. Tremblay walipokuwa wengi katika kijiji kimoja, jina likawa halifai kitu, ndipo wakaanza kuitana kwa baba na babu: Louis à Joseph à Pierre. Mtu wa Unguja anayesema Juma wa Ali wa Salum hahitaji tafsiri. Na lakabu nazo zikapanda hadi kwenye hati. Aliyeongoza kundi la wanahisa ishirini na mmoja kuja kufungua huku Saguenay mwaka 1838 alikuwa Alexis Tremblay dit Picoté, yaani Alexis Tremblay aitwaye Mwenye-makovu-ya-ndui. Liliandikwa hivyo hivyo, kwenye karatasi rasmi, na hakuna aliyeona aibu.

Mahari hawaijui. Mkipeleka zawadi, pelekeni kitambaa kizuri na muda wa kukaa. Mama wa binti atatoa pai ya nyama inayoitwa tourtière. Ile ya huku ni ya kina kirefu, ina viazi na nyama zilizokatwa vipandevipande, hukaa kwenye oveni usiku kucha. Mume wako ale aongezewe. Hapo atakuwa amekwisha kupokelewa.

*Shangazi, nafundisha Kifaransa Bujumbura. Wanafunzi wangu waliniuliza swali nikakosa jibu: walowezi wa mwanzo wa Québec walikuwa wengi, kwa nini jina hili moja ndilo lililoshinda? Huyo Pierre alizaa kuliko wenzake?* — Mwalimu

Mwalimu, wanafunzi wako wana akili. Jibu ni hapana, wapo waliomzidi.

Tuanze na ukubwa wa nchi yenyewe. Sensa ya kwanza ya New France, yaani koloni la Wafaransa huku, mwaka 1666, ilikuta watu 3,215 tu wenye asili ya Ulaya. Ni watazamaji wa mechi ya daraja la pili. Kila mmoja aliyezaa wakati ule, akijaliwa wajukuu, leo ni babu wa umati.

Sasa, watafiti wa demografia wa Chuo Kikuu cha Montréal wameunganisha madaftari yote ya parokia ya zama za Wafaransa. Wakahesabu nani alikuwa na wazao wengi zaidi waliokwisha kuoa au kuolewa kabla ya mwaka 1800. Aliyeongoza alikuwa seremala Zacharie Cloutier na mkewe Xainte Dupont, nao pia watu wa Perche, waliofika mwaka 1634: wazao 10,850. Pierre Tremblay hakuwa wa kwanza. Lakini nenda leo Québec uhesabu akina Cloutier. Wapo, ni wengi kiasi, ila hata kumi bora hawaingii.

Damu ya Cloutier haikupotea. Ilipita kwa mabinti. Binti wa Cloutier akaolewa, watoto wakaandikwa jina la baba yao, na ukoo ukaendelea kutembea chini ya majina ya watu wengine. Tremblay walipata wavulana, wavulana wakapata wavulana, na ardhi ikawapokea: mvulana wa kwanza, Pierre, akawa bwana wa ardhi ya Les Éboulements kule Charlevoix, na ndugu na watoto wao wakajaa mwambao ule, Baie-Saint-Paul na Île aux Coudres. Charlevoix ilipowabana, mlima nyuma, mto mbele, wakapanda kuja Saguenay. Bonde hili lilikuwa limefungwa kwa ajili ya biashara ya manyoya. Lilipoanza kufunguliwa, waliokuwa karibu na mlango ni wao.

Kwa hiyo ukikutana na Bouchard au Simard wa Charlevoix, usifikiri umekutana na mtu baki. Mle ndani Ozanne yumo, mara nyingi si mara moja, kwa upande wa bibi. Binafsi naona ajabu kwamba Pierre amebaki kwenye kila kisanduku cha barua na Ozanne hayupo hata kwenye kimoja, wakati watoto kumi na wawili aliwabeba yeye.

Waambie pia wanafunzi: jina lenyewe linatokana na mti uitwao tremble, ambao majani yake hutikisika hata upepo ukiwa mdogo. Tremblay ni mahali palipoota miti hiyo. Ufaransa kuna vijiji kadhaa vyenye jina hilo.

*Shangazi, nina mimba ya miezi miwili. Mume wangu ni Tremblay wa hapa Sherbrooke lakini bibi yake alizaliwa Chicoutimi. Muuguzi alipolisikia hilo akasema tufikirie kipimo cha magonjwa ya kurithi. Mama mkwe akacheka akasema, "Ndiyo, sisi damu yetu imechoka, tumeoana mno." Silali. Mimi ni mtu wa Goma, sina Tremblay hata mmoja kwetu. Mtoto wangu yuko hatarini?* — Mjamzito asiyelala

Mwanangu, lala. Mimi natoa dawa dirishani, si daktari, na muuguzi wako amefanya kazi yake vizuri, kwa hiyo mrudie yeye. Ila utani wa mama mkwe acha niuweke mahali pake, kwa sababu nausikia kila wiki, na wenyewe huku unawaudhi kuliko wanavyoonyesha.

Si kweli kwamba Saguenay walioana ndugu kwa ndugu kuliko watu wengine wa Québec. Watafiti wa hapahapa walilichunguza. Mwaka 1972 mwanahistoria Gérard Bouchard alianzisha Chicoutimi hazina ya kumbukumbu iitwayo BALSAC, inayounganisha ndoa, na baadaye vizazi na vifo, mpaka ukoo wa mkoa mzima ukaonekana. (Bouchard huyu ni ndugu yake Lucien, aliyekuwa waziri mkuu wa Québec. Huku ukivuta jina moja linakuja na familia nzima.) Walichokiona ni kwamba ndoa za ndugu wa karibu hazikuwa nyingi hivyo. Chanzo ni uchache wa waanzilishi. Kundi dogo lilihamia Charlevoix, na wengi wa waliofungua Saguenay walitoka hukohuko Charlevoix. Katika kundi dogo, mtu mmoja au wawili wakiwa wamebeba kasoro fulani ya vinasaba bila wao kuumwa, baada ya karne mbili kasoro ile inakuwa imeenea kwa watu wasiojuana kabisa.

Magonjwa yanayopimwa ni manne. La kwanza ni tirosinemia aina ya kwanza, inayoharibu ini la mtoto mchanga. Huku karibu mtu 1 kati ya 20 amebeba kasoro yake. La pili ni ugonjwa wa misuli kukakamaa na mwendo kuyumba, ambao madaktari waliuandika mwaka 1978 kwa jina la Charlevoix-Saguenay. La tatu ni asidi kujaa mwilini tangu kuzaliwa. La nne ni la mishipa ya fahamu, linaloandamana na kasoro katikati ya ubongo. Ukiyajumlisha, kama mtu 1 kati ya 5 wa huku amebeba angalau moja. Serikali ya Québec inatoa kipimo bure kwa anayepanga mtoto, au aliye na mimba changa, mwenye angalau babu au bibi mmoja wa damu aliyezaliwa Saguenay–Lac-Saint-Jean, Charlevoix au Haute-Côte-Nord. Mumeo anaingia kwa bibi yake. Na angalia, fomu haiulizi jina la ukoo. Tremblay wa Montréal ambaye kwao hawajakanyaga huku tangu enzi za mababu haingii, na Nguyen ambaye bibi yake ni wa Chicoutimi anaingia.

Sasa hesabu inayokuhusu. Magonjwa haya yote manne yanataka pande mbili. Baba abebe na mama abebe kasoro ileile, hapo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuumwa. Baba peke yake akibeba, mtoto anaweza kurithi kubeba, hawezi kuumwa. Wewe wa Goma, kwa haya manne, uko mbali nayo.

Lakini hujaniuliza la upande wako, nami nitalisema. Selimundu inarithiwa kwa hesabu hiyohiyo. Je, umepimwa kama umeibeba? Mumeo mzungu wa Sherbrooke huenda hana, na kwa hiyo mtoto hataumwa, ila jua hali yako kwa ajili yako na ya wadogo zako, ambao labda hawataolewa na Tremblay. Huku watoto wachanga wanapimwa selimundu pamoja na hiyo tirosinemia, kwa damu kidogo ya kisiginoni. Tirosinemia inapimwa kwa kila mtoto wa Québec tangu miaka ya 1970, na siku hizi ina dawa, nitisinone, pamoja na lishe maalumu. Zamani mtoto alisubiri ini la mtu mwingine au mauti. Mama mkwe wako ana umri wa kuikumbuka zamani hiyo. Labda ndiyo maana anacheka.

*Shangazi habari za baridi. Mimi ni mpenzi wa hoki ya barafu, huenda niko peke yangu Mbagala. Nimeona kwenye historia ya Montréal Canadiens kuna J.C. Tremblay, Gilles Tremblay na Mario Tremblay. Ni familia moja kama akina Williams wa tenisi?* — Shabiki pekee

Hauko peke yako, mdogo wangu, ila ni kweli mnaweza kukaa kwenye bajaji moja.

J.C. na Gilles walicheza pamoja miaka ya 1960 na hawakuwa ndugu, zaidi ya ule undugu wa Pierre na Ozanne. J.C., yaani Jean-Claude, alikuwa beki, mtu wa Bagotville, mwendo wa gari kidogo kutoka hapa nilipo. Mario ni kizazi kingine: kazaliwa Alma mwaka 1956, na jina lake limechongwa kwenye Kombe la Stanley, kombe kuu la hoki, mara tano.

Lakini ukitaka kumjua Mario, usiangalie makombe. Angalia usiku wa tarehe 2 Desemba 1995. Alikuwa kocha mpya. Golini alikuwepo Patrick Roy, aliyewahi kucheza naye timu moja. Detroit walikuja Montréal wakawapiga 11 kwa 1, na Mario alimwacha Roy golini mpaka mabao tisa. Ukumbi ukamzomea Roy. Alipotolewa hatimaye, alimpita kocha bila neno, akamwinamia rais wa klabu aliyekaa nyuma ya benchi, akamwambia hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho Montréal. Siku nne baadaye akauzwa Colorado, na msimu huohuo Colorado wakachukua kombe. Tremblay na Roy, jina la kwanza na la tatu kwa wingi Québec, wakaigawa nchi kwenye meza ya chakula. Wateja wangu wa makamo wangali na upande. Sitaji wangu, nahitaji kazi.

Nyongeza kwa wasiopenda hoki: kuanzia 2002 hadi 2012 meya wa Montréal alikuwa Gérald Tremblay na meya wa jiji la Saguenay Jean Tremblay, na si ndugu. Huyu wa Saguenay ndiye aliyefungua vikao vya baraza kwa sala mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada ilipomwamuru aache, mwaka 2015. Na mwandishi wa tamthilia Michel Tremblay, wa Montréal, ndiye aliyewapandisha jukwaani wanawake wa mitaa ya wafanyakazi mwaka 1968 wakisema Kifaransa chao cha jikoni, wasomi wakashika vichwa.

*Jirani yangu hapa Michigan anaitwa Trombley na anasema asili yake ni Kanada. Ni haohao?* — Mtu wa Mombasa, Detroit

Haohao. Trombley na Trombly, utawakuta Michigan, Vermont na kaskazini mwa New York. Karani Mwingereza aliandika alivyosikia, na mwenye jina labda hakujua kusoma ili abishe. Kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 walitoka Québec kwenda Marekani kutafuta kazi za viwandani, na majina yao yalipata misukosuko. Wapo akina Roy waliogeuka King, na akina Leblanc waliogeuka White. Tremblay kabaki anatambulika, ashukuru.

*Mont-Tremblant, ule mlima wa kuteleza kwenye theluji, ni mali ya ukoo huu?* — Kijana, Lubumbashi

Hapana. Jina la mlima limetoka kwenye simulizi za Waalgonquin, wenyeji wa nchi ile, kuhusu mlima unaotetemeka. Ukoo haumo. Bei za hoteli zake nazo si za Tremblay ninaowajua mimi.

*Shangazi, nimeolewa Laval. Kwetu Nairobi nilishajizoesha kujiita Bi Tremblay, hata kadi za harusi zilichapwa hivyo. Nimekwenda kubadilisha kitambulisho, nimeambiwa haiwezekani, nitabaki na jina la baba yangu. Mume anacheka, mimi nimeumia. Ni ubaguzi? Na mtoto tunayemtarajia je, ataitwaje?* — Bi nani sasa?

Bibie, si ubaguzi. Wangekukatalia hata ungekuwa Gagnon wa kuzaliwa. Tangu tarehe 1 Aprili 1981 sheria ya Québec inasema kila mwanandoa anabaki na jina lake na kulitumia katika mambo yote ya kisheria. Rafiki zako wakikuita Madame Tremblay, itika, hakuna polisi. Kwenye kadi ya matibabu, leseni na benki, wewe ni binti wa baba yako. Dada zetu Waislamu wa Lamu na Zanzibar watashangaa unalilia nini, maana kwao mwanamke kuacha ubini wake ndilo jambo geni.

Nami nitakuambia ninavyoona kutoka kaunta. Wakija bibi waliozaliwa kabla ya vita, kadi ya bima inasema jina lao la kuzaliwa, lakini wao wenyewe husema "Madame Jean Tremblay", jina la mume zima zima, na inanibidi nitafute nusu saa mtu aliyezikwa miaka mingi. Jina lako lina faida ya kukutambulisha wewe. Usiliuze haraka.

Kuhusu mtoto: mna hiari. Anaweza kuchukua jina la baba, au la mama, au yote mawili, lakini yasizidi mawili. Mkishindwa kuelewana, msajili wa hali ya raia atampa mawili, moja la kila upande. Watoto wengi wa miaka ya 1980 waliandikwa majina mawili, wakakua, wakaoana wao kwa wao wakiwa na majina manne, ikawalazimu kuchagua mawili ya kumwachia mtoto. Mara nyingi ya bibi ndiyo yaliyodondoka. Ukitaka lako liandikwe, lisemeni sasa, kabla uchungu haujaanza. Tamko la kuzaliwa linatakiwa lifike kwa msajili huyo, Directeur de l'état civil, ndani ya siku 30, na siku 30 zenye mtoto mchanga ndani ya nyumba haziishi, zinakatika. Andikeni herufi kubwa, jina lako kwenye kisanduku chake, na umsimamie mumeo akijaza sehemu yake.